Nani Hajamsamehe Mama?

Kwetu Siyu mtu akichelewa kukata roho, watu hawamuulizi daktari. Huulizana wenyewe kwa wenyewe: ni nani hajamsamehe? Tunaamini kwamba roho inayoshindwa kutoka imeshikwa na kitu, na kitu hicho ni kinyongo cha mja mwenzake. Basi hutumwa watu mjini na mashambani kuwatafuta wote waliowahi kukosana na mgonjwa, waje kitandani pake watamke kwa vinywa vyao kwamba wamempa radhi. Aliye mbali hupigiwa simu, na simu ikawekwa sikioni mwa mgonjwa. Nimeyaona haya tangu utotoni na sikuyaona mabaya. Niliyaona mazuri, hasa. Nilikuwa nikijisifu kwa wenzangu kwamba hakuna waungwana kama sisi, hatumwachi mtu akaenda na mzigo wa watu.

Mpaka zamu ilipomfikia mama yangu.

Mama alikuwa mwalimu wa chuo. Nasema chuo cha Kurani, kile cha kukaa kitako mkekani na juzuu mapajani. Nusu ya wanawake wa Siyu waijuao Fatiha sawasawa walifundishwa na yeye, katika ukumbi wa nyumba yetu. Hakuwa na fimbo. Alikuwa na ulimi tu, na alitufundisha kwa kutufumbulia kinywa chake wazi ili tuone kila herufi inakaa wapi: hii kooni, hii midomoni, hii kwenye ncha. Herufi aliyoipenda, na aliyotutesa nayo kuliko zote, ni dhadi, ile ya mwisho wa Fatiha, ambayo haitoki ila ubavu wa ulimi uegemee magego. “Ubavu! Ubavu wa ulimi, si ncha!” Mimi ni bintiye wa pekee, na hakunipunguzia hata kidogo. Mpaka leo nikiitamka dhadi naisikia chumvi, maana niliisoma nikilia.

Kidonda kilianzia hapo hapo. Ubavu wa kushoto wa ulimi, penye dhadi.

Wa kwanza kujua alikuwa mwanafunzi wake mmoja wa kike, aliyeangua kicheko katikati ya somo kwa sababu mwalimu alikuwa ameitamka dhadi kama zadi. Mama alicheka naye. Alisema gego lake lina ncha, linamkwaruza. Akatafuna karafuu, akasukutua kwa maji ya chumvi, akapaka asali. Mimi nafundisha skuli Amu, mjini Lamu, na nilipokwenda nyumbani likizo nilimwambia afumbue kinywa kama alivyokuwa akitufumbulia, nikaona kitu kigumu cheupe pembeni mwa ulimi.

Tulingoja maji yajae, tukapanda boti, tukafika Mombasa. Daktari alikuwa kijana mpole, akaniita nje kunieleza. Saratani, na imeshateremka shingoni. Kisha akaniuliza kama mama anavuta sigara. Nikasema la. Anatafuna tumbaku? Nilitaka kumzaba kofi. Nikamwambia mama yangu hajatia kinywani hata tambuu, kinywa kile hakijui ila chakula na Kurani. Akainamisha kichwa, akasema, “Basi ni bahati mbaya tu, mama.”

Bahati mbaya! Nilirudi na neno hilo njia nzima. Kwa daktari lilikuwa jibu, lakini kwetu halina pa kukaa. Kwetu hakuna jambo lisilo na mwenyewe. Mvua ina mwenyewe, samaki wana mwenyewe, na homa ya mtoto ina mwenyewe. Kama kidonda kile kilitumwa, basi kuna aliyekituma, na alijua anakituma wapi.

Mama mwenyewe ndiye aliyetaka arudishwe Siyu. Tulipewa dawa ya maji ya kutuliza maumivu, na siku za mwanzo ilimsaidia, akawa anasinzia na hata kufanya mzaha kwa mkono. Halafu maumivu yakaizidi dawa. Alikunywa uji wa mchele kwa mrija, kisha na mrija nao ukawa haupiti, tukawa tunamdondoshea maji kwa pamba. Sitaficha, kidonda kilinuka. Tulichoma udi kutwa, na wageni wakifika walisifu udi na kukaa karibu na mlango. Nilikuwa nikiona wanavyopumua kwa kinywa, na nikiwachukia, na mimi mwenyewe nilikuwa nikipumua vivyo hivyo.

Kisha yakaanza maneno. Ugonjwa ukiwa wa ulimi, watu hawafikiri mara mbili. Asubuhi moja nilikuwa jabiani, kwenye lile birika letu kubwa la maji ya mvua, nikawasikia wawili nyuma yangu wakinong'onezana kwamba Mola humshika mtu kwa kiungo alichokosea. Mwizi hushikwa mkono. Sasa huyu bibi, nani ajuaye alikuwa akimsengenya nani humo ndani? Niliweka ndoo chini. Jamani, mimi mtoto wa mwalimu, lakini ulimi wangu una pilipili, na siku ile niliwapa vidonge vyao mpaka wakaacha zamu yao ya maji wakaondoka. Mmoja alikuwa amesoma kwa mama tangu alifu mpaka akahitimu. Nikamwambia, “Hiyo Fatiha unayosomea sala zako umepewa na ulimi huo huo! Irudishe basi!”

Nililia njia nzima nikirudi, maji yakimwagika. Kilichonikereketa si ujinga wao. Ni kwamba nilipotafuta hoja ya kuwajibu sikuiona, ila matusi. Mimi mwenyewe nilifundishwa kwamba Mungu hadhulumu hata uzito wa chembe. Sasa kama hadhulumu, ama mama alitenda jambo, ama jambo lile halikuwa dhuluma. Nilizunguka baina ya mawili hayo kama punda wa kinu cha mafuta.

Na hapo lazima nimseme baba.

Baba alikuwa mtu wa Pate, na alikuwa na mkono mwepesi. Alimpiga mama kwa chumvi iliyozidi na kwa chumvi iliyopungua. Siku moja alimvunja mkono, ule wa kushoto, na ulipopona ulibaki umepinda kidogo kwenye kiwiko. Mama alikwenda kwa kadhi akadai talaka yake, akaipata, akarudi Siyu na mimi mgongoni, akafungua chuo. Baba aliendelea kuishi Pate na kuoa na kuacha. Uzeeni alijifunga kilemba, akawa hakosi msikiti. Akafa siku ya Ijumaa, mwezi wa Ramadhani, ndani ya sijida. Hakuinuka tu. Watu walidhani anarefusha dua.

Mtu wa kwetu akisikia kifo hicho hutamani kiwe chake. Nilikwenda mazikoni, na watu walinipa pole zilizofanana na hongera. Walisema babako amechaguliwa. Walisema Mola akimpenda mja wake humchukua hivyo, kama mtu anayetoa unywele kwenye siagi. Mama alipopata habari alisema, “Mungu amrehemu,” akaendelea na somo. Nilimtazama sana siku ile nione kama kuna kitu usoni pake. Sikuona kitu.

Kwa hiyo mama alipokuwa kitandani, kutwa anaugua kwa sauti ndogo isiyokatika, nilimwendea imamu wetu. Ni mtu mzuri, mdogo kwa mama, na msahafu wake wa kwanza aliufungulia kwake. Nilimkuta barazani pa msikiti baada ya adhuhuri. Nikamuuliza bila kuzunguka, “Shekhe, hii ni haki?”

Akasema mitihani huwafika wanaopendwa. Akasema maumivu ni kafara, yanampukutisha mtu madhambi yake kama mti upukutishavyo majani, ili akutane na Mola wake msafi.

“Basi baba yangu hakupendwa,” nikasema. “Maana yeye hakuumwa hata kichwa.”

Akasema kifo cha baba nacho kilikuwa rehema.

“Loo! Rehema kule na rehema huku? Akifa mtu kwa raha, rehema. Akioza kinywa yu hai, rehema. Sasa nionyeshe, shekhe, kama ingekuwa dhuluma ingekuwaje, ili nami siku nikiiona niijue.”

Hakukasirika. Laiti angekasirika. Aliniambia kwamba Yeye haulizwi Alitendalo, sisi ndio tutakaoulizwa. Alisema hivyo huku anafuta macho kwa ncha ya kilemba, kwa sababu alikuwa anampenda mama, na mimi nikaondoka na haya na hasira vimechanganyika. Jibu lile nalijua tangu mdogo. Nilifundishwa na mama.

Siku chache baadaye pumzi za mama zikabadilika. Zikawa zinakatika na kurudi, miguu ikapoa, na wanawake wazima waliokuwa wakimwangalia walitazamana wakasema hii ni sakarati ya mauti. Wakaanza kumsomea Yasini. Mwanamke hodari akaketi upande wa kichwa kumtamkisha shahada sikioni. Mama alikuwa hawezi kutamka kitu, ulimi ulikuwa si ulimi tena. Siku ikapita. Ikaja nyingine. Alikuwa bado yupo, macho yamefumbuka, anaugua. Ndipo nikalisikia swali lile linapita ukumbini, kwa sauti ya chini.

Nani hajamsamehe?

Wakaanza kuja. Wallahi sikuwahi kuona msiba kama ule. Waliingia mmoja mmoja, wamejitanda, wakainama juu ya mama yangu wakamsamehe. “Bi mwalimu, kama uliwahi kunisema nyuma ya mgongo wangu, mimi nimekusamehe.” Mama hakuwahi kumsema. “Bi mwalimu, ile siku kuku wangu waliingia uani kwako ukawafukuza, yamekwisha.” Kuku! Mwingine alipanda pikipiki kutoka Kizingitini, mwili wote mavumbi, akasema haikumbuki hasa sababu, lakini endapo ipo ameifuta. Kila aliyesema nimekusamehe alikuwa anamtia mama hatia ambayo asubuhi hakuwa nayo. Na walikuwa wanalia kweli! Hawakuwa wabaya. Wangekuwa wabaya ningewafukuza kwa ufagio. Mama aliwatazama mmoja baada ya mwingine, na machoni pake nikaona kitu kilichonikata maini: alikuwa anajaribu kukumbuka. Mtu aliyekuwa na maumivu yale alikuwa anajitafuta makosa.

Wote wakaisha, na roho haikutoka. Sasa watu wakaogopa zaidi. Kama wote wamesamehe, basi kuna jambo zito.

Hapo ndipo shangazi, dada yake baba, aliponishika mkono akanivuta hadi uani, nyuma ya jiko. Shangazi yule alikuwa amelala sakafuni kando ya kitanda cha mama tangu mwanzo wa ugonjwa. Alikuwa akimsafisha kidonda bila kugeuza uso, jambo ambalo mimi mwanawe nilikuwa silimudu. Nasema hivi ili asije mtu akamfanya mbaya.

“Mwanangu, ndoo karibu,” akasema, akinisogeza kwake. “Mimi najua ni nani.”

“Nani?”

“Ni kakangu. Mamako alipokwenda kwa kadhi, babako alikaa barazani kwake Pate, akatamka mbele ya watu: simpi radhi, si duniani wala kesho kwa Mola. Nilimsikia kwa masikio yangu haya. Na hakuifuta. Amekufa nayo.”

Niligeuka nirudi ndani, hakuniachia mkono.

“Sasa yeye hayupo wa kuitwa,” akaendelea. “Aliye na damu yake humu ndani, mrithi wake, ni wewe. Ingia umshike mkono, useme, mama, nakupa radhi kwa niaba ya baba. Basi. Roho itashuka.”

Nilicheka. Kilikuwa kicheko kibaya, najua, hata kuku walishtuka. Nikasema, “Yaani Mwenyezi Mungu, Mfalme wa mbingu na nti, ameishika roho ya mama yangu mkononi, anangoja ruhusa ya mtu aliyemvunja mkono? Mungu gani huyo, shangazi?”

Akaniziba kinywa kwa kiganja chake. Kilinuka dawa na udi. “Usikufuru, mwanangu, usikufuru. Wewe wafikiri mimi simjui kakangu? Ule mkono wa mamako nani aliufunga? Ni mimi niliyeufunga, kwa vipande vya makuti na kanga yangu. Sisemi kwamba ni haki. Nasema nataka apumzike.” Akaondoa kiganja. “Wewe hutaki apumzike?”

Hilo la mwisho lilinichoma kisu. Nilitaka apumzike kuliko nilivyotaka kupumua. Lakini maneno yale kuyatamka! Kuingia mle ndani na kumwambia mwanamke yule, mbele ya watu, kwamba ndiyo, mama, ulikosa ulipokataa kupigwa, na mumeo amekuonea huruma. Nikiyasema akafa, nitajua maisha yangu yote kwamba Mola alikuwa upande wa baba. Nikiyasema asife, nitakuwa nimemtukana mama bure na yu hai ananisikia. Nilibaki pale nyuma ya jiko nimeshika ukuta, na shangazi hakunihimiza. Alasiri ikaadhiniwa.

Wanawake wote wakatoka chumbani kwenda kusali ukumbini, shangazi akiwatangulia. Mimi nilikuwa katika hedhi, siku hizo sikuwa wa kusali. Kwa hiyo nikaachwa na mama, sisi wawili, kwa mara ya kwanza tangu wiki hiyo ianze. Nadhani shangazi alilipanga hivyo.

Niliketi kitandani nikamshika mkono. Ulikuwa mifupa na joto kidogo. Hakuwa na sauti, lakini alikuwa na akili zake, na tulikuwa na njia yetu: akikubali hunifinya kidogo, akikataa hugeuza uso kwenye mto. Nikasema, “Mama, mimi kwa niaba ya…” Nikakwama. Nikaanza tena. “Mama, kwa niaba ya baba…” Ulimi wangu mimi, usio na kidonda, ulikataa. Ukumbini shangazi alitoa takbiri kwa sauti, wakainama.

Nikaacha maneno ya kufundishwa nikamuuliza kama mtu anavyomuuliza mtu. “Mama, wewe wajijua mwenyewe. Wanasema ni baba. Ni baba?”

Akageuza uso. Si yeye.

“Ni mimi?” nikauliza. “Kuna jambo nilikukosea ukaliweka?”

Akageuza uso tena. Kisha akanitazama kwa namna iliyonifanya nilie.

Ndipo likanijia, sijui lilitoka wapi, kwamba kwa siku zote zile tulikuwa tumeuliza upande mmoja tu. “Au ni wewe, mama? Kuna ambaye wewe hujamsamehe?”

Akanifinya mkono.

“Ni nani?”

Alijichomoa mkononi mwangu. Sijui nguvu zile alizipata wapi. Mkono wa kulia ukalala kifuani, vidole vikajikunja kimoja kimoja, kikabaki cha shahada, na kidole hicho kikainuka, kikasimama, kikaelekea juu kwenye boriti. Hakukitazama kidole. Alinitazama mimi. Alinitazama kama alivyokuwa akimtazama mwanafunzi anapongoja kuona kama herufi imemwingia.

Ukumbini walikuwa wametoa salamu, kulia na kushoto, na shangazi akawa wa kwanza kurudi. Alisimama mlangoni. Akaona kidole.

“Allahu Akbar!” akapiga ukelele. “Allahu Akbar! Kashahadia! Ndooni muone, wifi yangu kashahadia!”

Wakajaa chumba kizima, wanalia, wanacheka, wanambusu miguu, wanasema lailaha illallah kwa sauti moja, na mimi nikasukumwa mpaka ukutani. Mama alinitazama baina ya mabega yao kwa muda. Kisha akafumba macho. Kidole kikateremka polepole. Hakufika magharibi.

Mambo yaligeuka siku hiyo hiyo. Wale wale waliokuwa wanauliza alimsengenya nani, wakawa wanasimuliana kwamba ulimi ulipozuiwa Mola akampa kidole. Walisema uso uling'ara. Walisema kwamba kidole kilikataa kukunjika hata wakati wa kuoshwa, kimesimama na shahada yake. Mimi nilikuwa katika waliomuosha, na kidole kile nilikishika. Kilikunjika kama vingine. Nikawaacha waseme. Jina la mama lilikuwa limerudi, jeupe kuliko sanda, na nilikuwa nimelipigania kwa miezi. Walioambiana maneno jabiani walikuja na sinia za mahamri, nikazipokea.

Baada ya hitima, watu walipotawanyika, shangazi alinikuta nakunja mikeka. Alikuwa amechoka, macho yamevimba, lakini alikuwa na raha ya mtu aliyetimiza wajibu. Akasema kwa upole, “Umeona? Radhi ya kakangu ndiyo iliyomfungulia ndia. Ulipoitamka tu, kashahadia. Mola amrehemu babako.”

Mkeka ulinianguka. Yaani hata hili akabidhiwe yeye! Amekufa kifo cha raha, na sasa kifo cha mama nacho kiwe zawadi yake! Nilifumbua kinywa nimwambie kwamba sikuitamka, kwamba sikumpa mama radhi ya mtu. Lakini angeniuliza, ulimwambia nini basi? Ningelazimika kumwambia niliuliza nini, na swali lilijibiwa vipi. Na mwanamke aliyefundisha Fatiha nusu ya mji angebaki midomoni mwa watu kuwa alikufa amemnyooshea Mola wake kidole. Nikafumba kinywa. Shangazi alidhani ni unyenyekevu, akanibusu kwenye paji la uso, akaokota mkeka.

Sasa naishi Amu, nafundisha, nacheka na watu. Nikiwa peke yangu nairudia alasiri ile, na kila nikiirudia inanikoroga zaidi. Maana kuna jambo sikulifikiri wakati ule. Salamu ilitolewa mara tu baada ya kidole kuinuka. Basi kilipoinuka, wale ukumbini walikuwa wamekaa tahiyatu, na vidole vyao vyote vilikuwa vimeinuka kama chake. Shangazi alitoa takbiri kwa sauti, mama alikuwa anasikia. Huenda alikuwa anasali nao tangu mwanzo, na hakusikia swali langu hata moja. Huenda mfinyo ule ulikuwa mshtuko wa mwili tu. Huenda kweli alishahadia. Lakini alinitazama mimi! Mtu anayemshuhudia Mungu mbona amtazame mwanawe? Na kama lilikuwa jibu, sijui alikuwa hajamsamehe kwa lipi, kwa ulimi, kwa baba, au kwa yale aliyotukataza tusiulize. Hakusema hata mara moja. Miaka yote ile alitufundisha kumsifu, na sijui alikuwa amemeza nini.

Nasali. Watu hufikiri mwenye maswali kama yangu huacha, mimi sikuacha, sina mahali pengine pa kuzipeleka hasira hizi. Naisoma Fatiha, naipa dhadi haki yake, ubavu wa ulimi kwenye magego. Nikifika kwenye tahiyatu, kidole changu cha kulia huinuka, na hapo ndipo ninapokwama kila siku. Nakitazama kimesimama juu ya goti langu, na sijui kama namshuhudia au namshitaki.